Sufuria ya Ukuta

Nyumbani kwa Tshibola palikuwa na sufuria mbili ambazo hazikuchangia mwiko. Moja ilikuwa ya bukari, ule ugali wa kila siku. Nyingine, iliyobonyea ubavuni, ilikuwa ya kupikia gundi, na watu wa nyumba ile waliiita sufuria ya ukuta. Kila siku ya kazi, kabla jua halijachomoza juu ya vilima vya udongo uliomwagwa na mgodi, Tshibola alikuwa ameziinjika zote mbili, na jirani aliyepita uani hakukosa la kusema.

"Mama Laurentine, leo unalisha nani mbele? Bwana yako ao ukuta ya bazungu?"

"Ukuta," Tshibola alimjibu bila kuinua kichwa. "Ukuta haiulizake nyama iko wapi."

Ilikuwa miaka ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji, ingawa Kolwezi hakuna aliyejua bado kuwa ni ya mwisho. Mume wake, Stanislas Mukendi, alikuwa fundi wa karatasi. Alitoka Kasai akiwa kijana, akaletwa kuchimba shaba, na vumbi la mgodi likamkaa kifuani mpaka wakamtoa. Mtaliano mmoja mzee ndiye aliyemwokota na kumfundisha kubandika karatasi za maua na za kumetameta katika nyumba za Wazungu. Mtaliano aliporudi kwao, Mukendi alichukuliwa na mkandarasi mmoja ambaye jina lake la kweli liliwashinda mafundi kulitamka. Walimwita Bwana Upesi, kwa sababu neno hilo lilimtosha kwa karibu mambo yote.

Nyuma ya ghala la Bwana Upesi kulikuwa na safu ya vyumba vya matofali, na humo ndimo wafanyakazi wake walimokaa. Chumba na kazi vilikuwa kitu kimoja. Aliyepoteza kazi alipoteza chumba, na asiyekuwa na kazi wala chumba hakuachwa akae Kolwezi. Alipandishwa treni akarudishwa kwao, hata kama huko kwao hakuna aliyebaki wa kumtambua.

Tshibola hakuiogopa Kasai kwa sababu ya njaa. Aliiogopa kwa sababu ya makaburi mawili. Watoto wake wakubwa, Henri na Bilonda, walikufa kwa surua katika masika yaleyale, na wote wawili walizikwa ng'ambo ya reli, kwenye makaburi ya watu weusi. Siku za nyuma watu walimwita mama Henri. Baada ya mazishi waliliacha jina hilo na kuanza kumwita mama Laurentine, kwa jina la mdogo aliyesalia, na walibadilisha upesi mno, kama watu wanaohama nyumba inayovuja. Yeye hakuhama. Kila Jumapili baada ya misa alivuka reli, akapiga magoti katika udongo mwekundu na kung'oa majani. Misalaba ilikuwa ya mbao, na majani ya masika ya Kolwezi hukua kama yanafukuzwa. Aliwahi kuona makaburi ya watoto ambao wazazi wao walirudishwa Kasai. Masika ya mwaka mmoja tu yalitosha. Baada ya hapo usingeweza kusema hapa pamelala mtu au pamepita panya.

Kwa hiyo alipoamka mapema kukoroga gundi, hakuona kuwa anamsaidia mumewe tu. Gundi ilishika karatasi, karatasi ilishika kazi, kazi ilishika chumba, na chumba kiliwashika wao karibu na wale wawili.

Kanuni ya gundi aliijua kama sala. Mukendi aliipokea kwa Mtaliano, naye akampa mkewe. Karatasi ya maua ni mvumilivu, itakusamehe. Karatasi ya dhahabu haisamehe. Gundi yake ipikwe kwa unga wa ngano, ipikwe siku ileile, na iliyolala itupwe.

"Kole ya kuchacha inauaka zahabu," Mukendi, aliyeiita gundi kole, alisema kila mara, na Tshibola alimwaga mabaki ya jana hata kama yalikuwa nusu sufuria.

Kuta za chumba chao wenyewe hazikuwa na masharti hayo. Tshibola alizifunika kwa kurasa za magazeti, na juu ya magazeti akapanga karatasi nyeupe za kung'aa zilizotoka ndani ya pakiti za sigara, moja baada ya nyingine, mpaka ukuta wa kitandani ukawa kama tumbo la samaki. Zote alizibandika kwa uji wa unga wa mihogo, kama walivyofanya wanawake wote wa pale. Miaka ilipita, moshi wa jiko ulipita, na karatasi zile ziliendelea kung'aa. Asubuhi mwanga ulipoingia mlangoni, Laurentine alijilaza kitandani akajitazama uso uliokatikakatika vipande mia.

Kisha ikaja kazi ya nyumba ya injinia. Madamu, mke wa injinia, alitaka chumba chake cha kulia kiwe cha dhahabu kuta zote nne. Karatasi ziliagizwa Ubelgiji, zikaja kwa meli mpaka Lobito, na kutoka Lobito kwa treni kupitia Dilolo, zimefungiwa ndani ya mitungi ya bati ili unyevu usiziguse. Siku ya kwanza Mukendi alirudi nyumbani akakaa muda mrefu bila kuvua viatu.

"Iko namna gani?" Tshibola alimwuliza.

"Haiko rangi ya kupaka. Ukitembea, inatembea. Ukisimama, inakuangalia." Akacheka kidogo, na Tshibola alishtuka, maana tangu mazishi mumewe hakuwa mtu wa kucheka. "Unajua Kyungu amesema nini? Ule mupishi ya Madamu? Amesema bazungu bamechoka kutoa shaba mu udongo, sasa banaivalisha nyumba."

"Na weye ulimujibu nini?"

"Nilimwambia anyamaze, apike. Akasema ninyi ba Kasai, kama kintu inang'aa, munaipigia magoti."

Mukendi alileta pia utepe mwembamba wa dhahabu uliobaki kwenye ukingo wa karatasi. Tshibola aliubandika juu ya mlango wao kwa gundi ya siku ile, na majirani walikuja kuutazama kama wanaokuja kumtazama mtoto mchanga.

Kuta tatu ziliisha vizuri. Lakini nyumba ile ilikuwa mpya, na plasta yake ilikunywa gundi nyingi kuliko Mukendi alivyokadiria. Jumamosi unga wa ngano ulikwisha, ukuta wa nne ukiwa bado mtupu. Unga mwingine ulikuwa ghalani, na funguo za ghala zilikuwa mfukoni mwa Bwana Upesi, na Bwana Upesi alikuwa Elisabethville. Jumatatu Madamu alitazamia wageni.

"Kesho nitafanya kazi, hata iko siku ya Mungu," Mukendi alimwambia mkewe. "Weye ukitoka misa, pita kwa Mwamini. Kwake Jumapili haifungake. Uniletee kole kabla jua kuwa kali."

Mwamini alikuwa mke wa mfanyabiashara Mwislamu kutoka mashariki, na duka lao lilikuwa na kila kitu, isipokuwa kile kilichotafutwa siku hiyo. Tshibola alimkuta ameketi juu ya gunia, anachambua maharage.

"Unga ya mukate? Wee, mama Laurentine, umechelewa! Harusi ya binti ya Musafiri imekomba yote. Jana bamekaanga mandazi mpaka mafuta yenyewe ikaomba huruma."

"Hata kidogo, mama? Kikombe moja?"

"Hata ya kupaka ku paji ya uso. Nenda kwa Mugiriki."

"Mugiriki amefunga."

"Basi pika bukari, ulale," Mwamini alisema, akacheka, kisha akaona uso wa mwenzake na kuacha kucheka. "Pole, mama. Juma ijayo itafika."

Tshibola alirudi nyumbani na bakuli tupu. Juu ya rafu palikuwa na debe lake la unga wa mihogo, unga mzuri aliousaga kwa mihogo aliyoiloweka na kuianika mwenyewe. Aliutazama, kisha akatazama ukuta wa kitandani uliong'aa bila kosa. Akajisemea kuwa kanuni ilikataza gundi ya jana, na hii itakuwa ya leo. Tena hii hushika kuliko ile ya ngano, kila mwanamke anajua. Alichekecha unga kwa kitambaa chake cha kichwa, akauchekecha tena, mpaka ukawa laini kama poda ya Madamu. Aliupika kwa moto mdogo, bila donge hata moja. Alikusudia kumwambia mumewe. Njiani, sufuria ikiwa kichwani, alipanga hata maneno ya kumwambia baba wa mtoto wake: Tata Laurentine, ngano imekosekana, nimefanya hivi na hivi, weye ndiye utajua.

Kyungu, mpishi, alimpitisha mlango wa jikoni. Alikuwa mtu wa mwili mkubwa na mdomo mrefu.

"Karibu, mama ya zahabu. Futa miguu, nyumba hii sasa ni kanisa."

Tshibola aliingia chumba cha kulia akasimama. Hakuwa ameona kitu kama kile. Kuta tatu zilikuwa zikiwaka bila moto, na mwanga uliotoka dirishani ulikuwa haupati pa kutua. Katikati ya mwanga huo mumewe alisimama juu ya ngazi, mwembamba, shati limemganda mgongoni, anakohoa. Alishuka, akachovya burashi, akaizungusha, akaiinua na kuitazama gundi inavyodondoka.

"Mama Laurentine," alisema. "Leo umenipikia kole ya kweli. Angalia namna iko nashika. Iko nashika sawa mukono ya mutoto."

Alikuwa akitabasamu. Hakuwa amemsifu mkewe kwa lolote tangu siku walipotoka makaburini mara ya pili. Tshibola alifungua kinywa, na maneno aliyoyapanga njiani yakaonekana madogo na ya kuharibu. Akajiambia atamwambia jioni. Jioni Mukendi alirudi amechoka, mwenye furaha, akala akalala. Siku iliyofuata ilionekana hakuna tena haja. Mabaki ya sufuria alikuwa ameyatumia kubandikia utepe mwingine wa dhahabu, alioleta mumewe, kuzunguka kioo chao kidogo, na kioo kikapendeza.

Wageni wa Madamu walikuja na kusifu. Bwana Upesi alirudi kutoka Elisabethville, akatembea kuta zote nne mikono mgongoni, akampiga Mukendi bega.

Kisha mvua ikakazana. Ilinyesha juma baada ya juma, nguo zikakataa kukauka, chumvi ikageuka maji kwenye kopo. Katika mvua hiyo Kyungu alikuja mpaka vyumba vya matofali, gunia limemfunika kichwa, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Mukendi yuko?"

"Yuko nakula," alisema Tshibola.

"Amalize upesi. Bwana yake yuko namungojea kwa Madamu." Akainama kumtazama Mukendi ndani. "Mwenzangu, ukuta yako imeota majani."

"Majani gani?"

"Kijani! Kuta tatu ziko zahabu, ile ya nne iko kijani sawa chura. Madamu ameketi, analia mu salviette ya meza."

Mukendi aliweka tonge chini, akaondoka na Kyungu katika mvua. Tshibola hakumfuata. Aligeuka polepole, kwa sababu tayari mwili wake ulijua, akatazama kioo. Utepe wa kuzunguka kioo ulikuwa umeingia madoa ya kijani, ile kijani ambayo kila mtoto wa Kolwezi aliijua, ya mawe wanayookota kwenye vilima vya udongo na kuambiwa humu mna shaba. Dhahabu ya Madamu ilikuwa shaba tu, na karatasi za sigara hazikuwa na shaba. Akainua macho juu ya mlango. Utepe wa pale, uliobandikwa kwa ngano, ulikuwa njano kama siku ya kwanza.

Alilitoa debe la unga rafuni akalifungua, akaingiza uso wake ndani na kuvuta pumzi kama mgeni, kama mtu aliyezaliwa mahali pengine. Hapo ndipo aliposikia harufu. Ilikuwa chachu. Mihogo ilikuwa imelowa ndani ya maji mpaka ikalainika na kuchacha, kama inavyopaswa, kama mama yake alivyoifanya na mama wa mama yake, na uchachu huo haukuondoka juani wala katika kinu. Maisha yake yote aliivuta harufu ile akaiita harufu ya chakula. Gundi aliyoipika asubuhi ile ya Jumapili ilikuwa imechacha kabla hajawasha moto.

Alikaa kitandani akingoja. Alijua Mukendi atarudi kumwuliza, naye angemwambia. Lakini Mukendi hakurudi na swali. Alirudi amelowa, ametulia, karibu mwenye nguvu.

"Imeisha," alisema. "Bwana alikuwa mukali sana. Aliniuliza nilitia nini mu kole. Nikamwambia, Bwana, ngano tupu. Akasema uongo. Madamu alikuwa pale, Kyungu alikuwa pale. Nikaona banataka kuniua na neno hili. Basi nikaapa."

"Uliapa namna gani?"

"Niliapa na batoto yetu. Na Henri na Bilonda benye kulala mu malalo, ngambo ya reli. Nikasema, kama mukono yangu ilitia kintu ingine mu ukuta ile, basi bale batoto babebe uongo yangu." Alivua shati na kulikamua mlangoni. "Bwana aliniangalia. Ananijua miaka mingi. Akasema basi ni mutaro ya maji juu ya nyumba, inavuja ndani ya ukuta. Ataagiza karatasi ingine Bulaya. Hatutatoka, mama Laurentine. Tunabaki."

Tshibola alichukua shati mkononi mwake akalianika juu ya kamba ambayo haikukausha kitu.

Watu wa kwao hawakuapa kwa wafu kama wanaotia chumvi katika mazungumzo. Aliyeitwa shahidi huja. Akiitwa kushuhudia uongo, hata kama aliyemwita hakujua, hapati tena pa kulala. Huzunguka, na mwishowe hubisha hodi kwa ndugu yake aliye hai. Tshibola alikuwa Mkristo, alibatizwa, alifunga ndoa mbele ya padri, na alipojiona moyoni akimweleza padri hofu hii, padri aliikataza. Hofu haikusikia. Jumapili alivuka reli kama kawaida, lakini hakuweza kung'oa majani. Alisimama kando ya misalaba miwili kama mtu anayedaiwa salamu.

Jioni moja Laurentine alikohoa. Alikuwa amenyeshewa akitoka shule, na alikohoa kama mtoto yeyote anavyokohoa, mara mbili, kisha akaendelea kusimulia habari za rafiki yake. Tshibola aliweka mwiko chini.

"Nenda kwa jirani, mama," alimwambia mtoto. "Omba moto."

"Moto iko hapa, mama."

"Nenda!"

Mtoto alipotoka, alimwambia Mukendi yote. Alimwambia habari za duka la Mwamini, debe la unga na kitambaa cha kichwa, na habari za kioo. Mukendi aligeuka akakitazama kioo.

"Siku ile nilikusifu," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Na weye ukanyamaza, ukachukua ile sifa."

"Nilikuwa na kiu yake, Tata Laurentine."

Aliinama, akashika kichwa. Mvua iligonga mabati. Kisha alisema alichojua Tshibola kuwa atasema, na ambacho alikuwa ameomba asiseme.

"Nitaenda kuifungua ile kiapo."

"Tutaenda ku malalo. Kesho. Tutabaambia batoto, batasikia, iko kwisha."

"Kinywa iliyofunga kiapo ndiyo inafungua, na mbele ya masikio yenye kusikia. Ni baba yako mwenyewe alinifundisha vile. Masikio ilikuwa ya Bwana, ya Madamu na ya Kyungu."

"Bwana hana habari ya viapo vyetu!"

"Lakini ana masikio."

Tshibola alipiga magoti mbele yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Tata, atakufukuza. Tukifukuzwa, nani atabaangalia bale batoto? Unataka kubafungua, halafu kubaacha mu majani?"

Mukendi alimwinua. Macho yake yalikuwa mekundu. "Unataka babaki na nyumba safi juu yao, na uongo ndani?" alisema. "Mi siwezi, mama Henri."

Hakumwita hivyo tangu mazishi.

Siku Bwana Upesi alipokwenda kwa Madamu kukagua mtaro wa maji, walikwenda wote wawili. Tshibola alibaki mlango wa jikoni pamoja na Kyungu, na kutoka pale aliona ukuta wa nne. Kijani kilikuwa kimepanda kutoka sakafuni kama maji yanavyopanda nguo. Mukendi alisimama mbele yake kofia mkononi, akamwambia Bwana wake na Madamu kuwa aliapa na alikosea. Gundi ya ukuta ule ilikuwa ya mihogo. Hakujua, lakini mkono uliotia ulikuwa wa nyumba yake. Na anayaondoa majina ya watoto wake katika neno lile.

Madamu hakuelewa, akamtazama Bwana Upesi. Bwana Upesi alielewa kitu kingine.

"Nilikupa unga ya kuta ine," alisema. "Ine. Iko wapi?"

"Ukuta ilikunywa, Bwana. Ni plasta mupya."

"Ukuta ilikunywa, ao mwanamuke yako alikula?"

Tshibola alisikia. Katika miaka yote ile hakuwahi kulamba hata kidole cha unga ule, na sasa aliona ya kuwa hakuna neno lolote, katika lugha yoyote, litakalomtoa katika kinywa cha mtu yule. Mukendi alikuwa amekuja kufungua kiapo, hakuja kujitetea.

"Mwizi anakuja kusema mwenyewe," Bwana Upesi alisema, na sauti yake ilikuwa na huzuni kidogo, kama ya mtu aliyepoteza chombo kizuri. "Toa karatasi yote ya ukuta hii. Halafu unatoka kwangu. Upesi."

Kyungu alimsindikiza Tshibola mpaka uani. Safari hii mdomo wake haukuwa na mzaha.

"Alikuwa ameshaponyoka," alinong'ona. "Mama, juu ya nini amejirudisha mwenyewe?"

"Muulize yeye."

"Mi namuogopa sasa," alisema Kyungu.

Mukendi alibandua ukuta ule kwa maji ya moto na kisu cha fundi, na karatasi ilitoka kwa vipande vilivyochafuka, huku kuta tatu zikiendelea kuwaka pembeni yake. Tshibola alimsaidia kukusanya vipande. Kazi ilipoisha walikwenda moja kwa moja ng'ambo ya reli, mikono yao bado inanata. Mukendi aliongea na watoto kwa Kiluba, taratibu, kama anavyoongea mzazi anayeamsha mtoto bila kutaka kumshtua. Aliwaambia waliitwa kwa kosa, waweke chini walichobebeshwa, walale. Tshibola alingoja moyo wake uwe mwepesi. Ulikuwa mwepesi, kweli, lakini kwa namna ya nyumba iliyotolewa vyombo. Aling'oa majani yote, mpaka udongo ukabaki mtupu na mwekundu, akijua mvua ya jioni itayaanza upya.

Walipandishwa treni kabla mwezi haujaisha, wakapitia Tenke na Kamina, Laurentine amelala mapajani mwa mama yake. Mwene-Ditu, upande wa Kasai, ndugu wa Mukendi aliwapa chumba cha udongo kisicho na kitu ukutani, na hakuna aliyefikiri kuweka kitu. Mukendi alipata kibarua cha kupakia magunia stesheni. Kifua hakikumruhusu muda mrefu. Alikufa kabla bendera hazijabadilishwa, bila kuwa amemlaumu mkewe kwa neno moja zaidi ya yale aliyoyasema siku ile, na bila kumsifu tena. Wakati huo watu wengine wengi walikuwa wakirudi kutoka pande zote, wengine wakikimbia, na habari ya familia moja iliyorudi kwa sababu ya gundi ingemchekesha nani?

Tshibola alizeeka pale, akiuza chumvi na sabuni mbele ya nyumba. Laurentine aliolewa, akazaa. Wateja wapya, wakimwona ni mtu wa maneno machache lakini mpole, humwuliza yale ambayo wanawake huulizana wakingoja chenji.

"Una batoto wangapi, mama?"

"Batatu."

"Bako hapa bote?"

"Moja iko hapa. Babili balibaki Kolwezi."

"Kolwezi! Mama, una bahati. Katanga iko na mali. Wale hawawezi kukusahau, siku moja batakutumia kintu."

Tshibola hupima chumvi, huongeza kidogo juu ya kikombe, huifunga katika karatasi.

"Ndiyo," husema. "Nabangojea."